Chakula cha mji: mpango uanzie kwenye kitunga

Ukitaka kujua maharagi yatauzwa bei gani Goma wiki ijayo, uliza dereva kabla ya kuuliza mkulima. Februari 2024, vita vilipofika karibu na Sake na barabara ya Minova ikakatika, mashamba ya Kalehe hayakuacha kuzaa. Mihogo ilikuwa bado udongoni, maharagi bado kwenye magunia. Lakini chakula kilichozoea kuja kwa lori kikalazimika kutafuta boti na mtumbwi, kupita ziwani mpaka Kituku, na kila mzigo ulioteremshwa pale ulikuwa umelipiwa zaidi kuliko zamani. Mama wa soko akapandisha bei. Watu wa mji wakamlaumu mama wa soko.

Ninaanza hapo sababu kuna wazo ambalo linarudi kila mara kwenye mikutano ya kartie, kuanzia Goma na Bukavu mpaka Butembo na Bunia: vyama vidogo vyenye kushughulika na chakula mjini viungane. Wamama wa soko, watu wa bustani za nyuma ya nyumba, koperative za wakulima wa pembeni ya mji, MUSO na AVEC zinazoweka akiba, komite za wazazi wa shule. Wafanye mtandao mmoja wa wanachama, wenye kutetea haki ya chakula kwa wakaaji wa mji. Wazo ni zuri. Shida inaanza siku watu wanakaa kuandika mpango.

Namna inavyokwenda, tunaijua sisi wote. Kalamu inapewa yule anayejua kuandika Kifaransa cha mradi. Anaandika dira, lengo kuu, malengo madogo, nguzo tano, jedwali la shughuli, bajeti ya miaka mitano. Kwenye ukurasa wa mwisho kuna kiasi cha dola ambacho hakuna mwanachama hata mmoja amewahi kukishika. Karatasi inatumwa kwa mfadhili, watu wanangoja. Mfadhili asipojibu, mtandao unalala usingizi. Akijibu, komite inageuka kuwa ofisi ya mradi wake, na siku mradi unafungwa, mtandao nao unafunga mlango.

Tunachosema katika andiko hili ni kwamba mpango wa namna hiyo uanze na vitu ambavyo wanachama wenyewe wanaweza kununua, kuuza, kupanda na kudai pamoja, kwa franga zao, hata kama mfadhili hatakuja kamwe. Yale mengine yaje juu yake.

Neno haki linabeba nini

Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 47, inasema wazi kwamba haki ya afya na ya usalama wa chakula inahakikishwa. Ni sentensi fupi sana, na wengi hawajui kama ipo. Kwa upande mwingine, hesabu iliyotolewa Machi 2025 na wataalamu wa IPC, wale wanaopima njaa kwa ngazi tano, ilionyesha kwamba Wakongomani karibu milioni 28 walikuwa kwenye njaa kali. Kati ya ile sentensi na hii hesabu kuna pengo, na mtandao wa haki ya chakula unafanya kazi ndani ya hilo pengo.

Njaa ya mjini haifanani na ya kijijini. Kijijini, watu wakifukuzwa kwenye shamba, chakula kinakosekana kabisa. Mjini chakula kipo mbele ya macho. Mtu anaweza kupita katikati ya soko la Kadutu, meza zimejaa mihogo, sambaza, ndizi na nyanya, akarudi nyumbani na kitunga kitupu. Kilichokosekana ni franga. Kwa hiyo mtandao wa mjini lazima uulize maswali ambayo yule anayegawa unga haulizi: bei inapandia wapi? Nani anakatwa njiani, na nani anakata? Nani ana udongo wa kulima na kwa karatasi gani? Nani anaitwa wakati takse ya soko inapangwa?

Swali la njiani lina jibu ambalo liliwahi kuhesabiwa. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, shirika la Ubelgiji, walitoa ramani ya vizuizi vya barabarani katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Walipata 798. Vingine vilikuwa vya askari, vingine vya makundi yenye silaha, vingine vya utawala wa raia wenye risiti na wasio na risiti. Ramani ile ni ya zamani sasa, na waliosimama kwenye vizuizi wamebadilika, lakini akili ya kizuizi haijabadilika: kila gunia linalosogea linalipa, na anayelipa mwishoni ni yule anayenunua kopo moja la maharagi saa kumi na mbili jioni. Mama wa Kituku hawezi kukuambia ni vizuizi vingapi viko ndani ya bei yake. Anachojua ni kwamba alinunua ghali.

Mji mmoja wa mbali, na neno la Kiswahili

Kabla ya kurudi kwetu, twende kidogo mahali ambapo watu wa mji walijaribu kazi hii kwa muda mrefu, na wakaipa mojawapo ya shughuli zao jina tunalolijua. Ni Detroit, katika jimbo la Michigan, Marekani. Mwaka 1950 Detroit ilikuwa na watu wapatao milioni 1,85, ilikuwa mji wa viwanda vya magari. Ilipofika 2010 walikuwa wamebaki laki saba na kidogo, na zaidi ya 8 kati ya 10 walikuwa Weusi. Viwanda vilipoondoka, maduka makubwa ya chakula nayo yakaondoka. Familia nyingi zilibaki kununua chakula kwenye vituo vya mafuta na viduka vya vinywaji. Chakula kilikuwepo Marekani, tena kingi. Kwao hakikufika, ao kilifika kibovu na ghali.

Mwaka 2006 mwalimu mkuu wa shule moja ya hapo, Malik Yakini, pamoja na wenzake wachache, wakaunda mtandao wa Weusi wa Detroit wa usalama wa chakula. Hawakuanza na jengo. Walianza na kipande cha udongo cha robo eka. Mwaka uliofuata walihamia kipande kingine, nacho wakakipoteza. Mtu yeyote wa Bukavu ambaye amewahi kulima bondeni akaambiwa asubuhi moja kwamba pale pana mwenyewe, anaelewa habari hiyo bila kutafsiriwa. Mwaka 2008 wakapata ruhusa ya jiji kutumia ardhi katika bustani kubwa ya watu wote inayoitwa Rouge Park, kwa mkataba wa miaka. Shamba hilo, D-Town Farm, lilikua likafika eka 7, ni karibu hekta 3.

Shughuli ya pili ndiyo inatuhusu zaidi. Waliita Ujamaa klabu yao ya kununua pamoja. Neno lilikuwa limefika Marekani kutoka kwa Nyerere, na tangu 1966 ni moja ya misingi saba ya sikukuu ya Kwanzaa ambayo Wamarekani Weusi wanaifanya mwishoni mwa Desemba. Lakini kazi ya klabu ilikuwa ya kawaida kabisa: wanachama wanaandika wanachotaka, mtandao unaagiza kwa wingi kwa bei ya jumla, kila mtu anakuja kuchukua chake na kulipa. Hakuna duka, hakuna wafanyakazi wengi. Humo wanachama walijifunza kuhesabu, kugombana na kupatana juu ya pesa.

Ya tatu ilikuwa sauti. Waliandika wenyewe sera ya chakula ya jiji, wakaipeleka kwenye baraza la jiji, na Machi 2008 baraza likaipitisha. Mwaka uliofuata likaundwa baraza la kushauri juu ya mambo ya chakula, lenye wakaaji ndani yake.

Na duka? Duka la koperative, Detroit People's Food Co-op, lilifungua mlango Mei 2024. Hesabu mwenyewe: kutoka 2006 mpaka 2024 ni miaka 18. Kila mwenye duka alinunua hisa ya dola 200, na aliyeshindwa kulipa mara moja aliruhusiwa kulipa kidogo kidogo, na kila mtu ana kura moja. Jengo lenyewe liligharimu zaidi ya dola milioni 20, na tusidanganyane, pesa za kiasi hicho hazikutoka kwenye mifuko ya wanachama peke yao, wafadhili na mikopo viliingia. Lakini viliingia wakati kulikuwa tayari na shamba, na klabu ya kununua, na watu waliokuwa wameshatoa chao. Mfadhili alikuta nyumba ina mwenyewe.

Njiani mtandao ule ulibadilisha hata jina lake: palipokuwa na neno usalama wa chakula wakaweka neno lenye maana ya mamlaka juu ya chakula. Kwa mtu wa hesabu ni kitu kidogo. Kwa mwanachama ni tofauti kati ya kushibishwa na kuamua.

Detroit haina vita, lazima tuseme. Ina benki zilizo wazi, ina maji kwenye bomba, na baraza la jiji ambalo mtu anaweza kulichagua na kulitoa. Kwa hiyo hatuwezi kuchukua mpango wao na kuubandika hapa. Tunachochukua ni utaratibu: kununua pamoja kulikuja miaka mingi kabla ya duka, na karatasi ya udongo ilikuja kabla ya shamba kubwa.

Mwanachama ni nani?

Kwetu, swali hili watu wanaliruka haraka. Kwenye karatasi tunaandika "wakaaji wote wa mji" na tunaendelea. Lakini tazama vizuri. Mkulima wa Rutshuru anataka gunia lake la viazi lipande bei. Baba anayelisha watoto kwa franga za siku anataka lishuke. Mama muuzaji yuko katikati, anataka ile tofauti ibaki kwenye kitambaa chake. Mwenye lori naye ana hesabu yake. Wote wanne wanaweza kukaa kwenye mkutano mmoja na kupiga makofi kwa ajili ya haki ya chakula. Siku ya kupanga bei, hawatamaliza nusu saa pamoja.

Mpango ambao hausemi mtandao utakuwa upande wa nani siku hiyo, umeficha ugomvi wake ndani. Ningependa waandishi wa mpango waandike jibu kwenye ukurasa wa kwanza, hata kama litakasirisha watu.

Jibu langu ni hili. Mtandao uanze na wale ambao ni wauzaji na walaji kwa wakati mmoja: wamama wa meza ndogo. Mchana anauza nyanya, jioni ananunua unga wa bukari. Bei ikipanda, inampiga mara mbili, sababu mtaji wake unaliwa nyumbani na wateja wake wananunua kidogo. Yeye ndiye mtu wa mjini ambaye hawezi kushangilia bei ya juu hata siku moja. Wakulima waingie kwa njia ya koperative zao, kama washirika wenye mkataba, mkataba unaosema bei ya chini ambayo mtandao hautashuka chini yake wakati wa mavuno. Wenye malori na wenye madepo makubwa wasiingie kwenye komite. Wataongea na mtandao kama wafanyabiashara, kwa heshima, na mezani watakaa upande wa pili. Kuna watakaosema huo ni ubaguzi. Nadhani ni afadhali ubaguzi ulioandikwa kuliko umoja ambao unavunjika siku gunia la kwanza linafika.

Kisha kuna jambo la karatasi, ambalo linachosha lakini limeua vyama vingi. Watu wengi wanakimbilia ASBL, kwa sheria ya tarehe 20 Julai 2001, sababu wanaijua. ASBL ni nzuri kwa kutetea na kufundisha, lakini haikuumbwa kwa kugawana faida kati ya wanachama. Mtandao ukitaka kununua na kuuza, kuna njia ya koperative chini ya sheria ya OHADA iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, ambayo RDC inaifuata tangu iliingia OHADA mwaka 2012. Ile nyepesi, SCOOPS, inahitaji watu 5 tu. Ile yenye baraza la usimamizi, COOP-CA, inahitaji 15. Zote mbili zina kanuni ya mtu mmoja kura moja, hata kama mmoja ameleta franga mara kumi ya mwenzake. Mtandao unaweza kuwa na mikono miwili: mmoja wa kusema, mmoja wa kununua, na vitabu vya pesa visichanganywe.

Kununua pamoja, ambako tayari tumekufanya

Kuna watakaosema wamama wetu hawawezi kuunganisha pesa, hawaaminiani. Hiyo si kweli, na mipaka yetu ni shahidi. Machi 2020, Korona ilipofunga mpaka wa Goma na Gisenyi na ule wa Bukavu na Rusizi kwa watu wa kupita kwa miguu, wafanyabiashara wadogo waliozoea kubeba kichwani kupitia Petite Barrière walibaki bila kazi. Wengine wakajifunza kupanga mizigo kwa makundi: kila mmoja anatoa franga zake, mtu mmoja anaagiza kwa ajili ya wote, mzigo unapita kwa gari, wanagawana upande huu. Haikuwa rahisi, wengine walipata hasara, na wale wenye mtaji mdogo kabisa waliachwa nje. Lakini walijifunza kazi ile bila semina. Mtandao unaoandika mpango wake leo ungefanya vizuri kuwatafuta wamama hao kwanza, wawaeleze wengine nini kilikwenda na nini kilivunjika.

Tuchukue mfano wa kubuni, wa kuhesabu tu. Wanachama 200, kila mmoja franga 1.000 kwa wiki. Kila wiki ni franga 200.000, na kwa wiki 52 ni franga 10.400.000. Haitoshi kujenga depo, haitoshi kununua gari. Inatosha kununua magunia ya maharagi wakati wa mavuno, kuyauza kwa wanachama kwa bei ya chini kidogo ya soko, kurudisha pesa, na kununua tena. Na wakati ni jambo kubwa hapa. Kwenye milima ya Kivu msimu A unavunwa kuanzia mwisho wa mwaka mpaka Januari ama Februari, msimu B kuelekea Juni na Julai. Mkulima anauza siku hizo kwa bei yoyote sababu ana deni na hana mahali pa kuweka. Miezi miwili ao mitatu baadaye gunia lile lile limebadilika bei. Ile tofauti ndiyo mishahara ya watu wa katikati. Mtandao unaoweza kushika magunia 20 kwa miezi mitatu bila dumuzi kuyala, umekwisha kufanya haki ya chakula zaidi ya warsha kumi.

Ndiyo sababu ningependa kuona kwenye bajeti ya mwaka wa kwanza vitu ambavyo havina sifa: mizani iliyopimwa, mbao za kuinua magunia juu ya sakafu, turubai, kitabu cha hesabu chenye kurasa zilizopewa namba, na kufuli mbili zenye funguo kwa watu wawili tofauti. Mizani hasa. Kila mnunuzi wa soko anajua lile kopo lililopigwa chini likaingia ndani, linaonekana limejaa kumbe limepungua. Mtandao unaouza kwa kilo, mbele ya macho, utapata wanachama bila kutangaza.

Bustani

Wafadhili wanapenda bustani sana. Zinatoka vizuri kwenye picha. Na si kitu cha kudharau: mradi wa FAO wa kilimo cha bogaboga mijini, uliolipiwa na Ubelgiji, ulisaidia wakulima wa Kinshasa, Lubumbashi, Kisangani, Likasi na Mbanza-Ngungu, na FAO ilisema mwaka 2010 kwamba miji hiyo mitano ilikuwa inatoa tani 330.000 za mboga kwa mwaka.

Lakini tazama orodha ile tena. Miji yetu ya Kivu na Ituri haimo. Na Goma imejengwa juu ya mawe ya volkano, kuna kartie ambako lava ya Januari 2002 ndiyo sakafu ya nyumba. Mtu analima kwenye gunia lililojazwa udongo wa kununua, anamwagilia kwa maji ya bidoni ambayo pia ananunua. Atapata lengalenga na vitunguu vya majani, na hiyo ni nafuu ya kweli kwa mchuzi wa nyumba. Bukari hatapata humo. Bukavu ina udongo, lakini milima inateleza na mabonde yana wenyewe, na kwa sheria ya ardhi ya 1973 udongo wote ni wa Serikali, anayelima bila hati yuko pale kwa huruma ya mtu. Kwa hiyo kwenye mpango bustani ipewe mahali pake, kipande kidogo, na kabla ya jembe la kwanza kuwe na karatasi yenye miaka na sahihi. Robo eka ya Detroit ilipotea kwa sababu hiyo.

Butembo na Beni hesabu ni nyingine, sababu Lubero iko karibu na viazi vyake na vitunguu vyake, na udongo wa pembeni ya mji ni mzuri. Lakini huko mkulima anayetoka asubuhi hajui kama atarudi jioni. Hakuna mpango wa chakula ambao unaweza kufunika hilo kwa maneno, na sidhani unapaswa kujaribu.

Sauti, na hatari yake

Kudai haki ni kazi ngumu kuliko kununua maharagi. Kwenda kwa meya kuuliza takse ya kila siku ya meza inaenda wapi, wakati choo cha soko kimejaa na mvua inaingia, ni jambo la haki kabisa, na kwenye miji ambayo utawala umebadilika mikono tangu mwanzo wa 2025, ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Sitawaambia wamama waende mbele wakati mimi niko nyuma ya mikrofoni.

Kuna kitu kimoja ambacho mtandao unaweza kufanya bila kusimama mbele ya mtu yeyote. Kila mzigo unapofika sokoni, mama aandike mambo manne: umetoka wapi, umenunuliwa bei gani kule, umelipiwa jumla ngapi njiani, unauzwa bei gani hapa. Asiandike jina la mtu, asiandike jina la kikosi, asiandike mahali kizuizi kiliposimama. Na asiandike akiwa barabarani, aandike akishafika. Wamama 50 wakiandika kwa miezi sita, mtandao utakuwa na kitu ambacho hata mkuu wa uchumi wa jimbo hana: itajulikana katika kopo la maharagi sehemu ngapi ni za mkulima, ngapi za usafiri, ngapi za njiani, ngapi za muuzaji. Siku hiyo hakuna mtu atamlaumu mama wa soko kwa kubahatisha. Na siku kutakuwa na mtu wa kuongea naye, mtandao utaingia kwenye ofisi yake na kitabu mkononi.

Linabaki sanduku, na hapo sina jibu zuri. Benki za Goma zilifunga milango mwishoni mwa Januari 2025, na watu wengi walijua siku hiyo kwamba akiba yao ilikuwa ya wengine. Pesa ya simu inasaidia, lakini namba ya simu ni ya mtu mmoja, na mtu huyo anaweza kukimbia, kuibiwa, ao kufa. Sanduku la AVEC lenye funguo tatu linafaa kwa watu 25 wanaojuana. Kwa watu 200 linaitwa hazina, na hazina inajulikana mtaani siku ya tatu. Wamama niliozungumza nao wana mawazo mbalimbali. Mmoja aliniambia wao hawaweki franga kabisa: zikifika, siku hiyo hiyo zinageuka maharagi, na maharagi yanalala kwenye nyumba sita tofauti. Mwizi, alisema, aje na gari.